Uliza Fundi wa Kode: "Pachi yangu imerudi mara tatu kisa majina"

Meseji nyingi mwezi huu ni za simu kujaa memori, hizo nitazijibu toleo lijalo. Leo nimewapa nafasi vijana wanaochimba kerneli, maana zimeingia barua nne kwa mpigo na kawaida huwa sipati hata moja. Kwa wageni: kerneli ni moyo wa mfumo wa kompyuta, pachi ni mabadiliko ya kode unayotuma, mentena ni msimamizi anayeyapokea au kuyarudisha, fankisheni ni kipande cha kode chenye jina lake, na kufuli ni la kuzuia wawili wasiguse data moja kwa wakati mmoja.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, mchana nafanya kazi za kawaida tu za kompyuta ila usiku nachezea kerneli ya Linux. Kuna mfumo mmoja mdogo wa faili niliona una kosa nikalirekebisha, nikaona hapohapo nisafishe na kode kidogo. Pachi imerudi mara tatu, na hata siku moja mentena hajasema marekebisho ni mabaya, anagombana na majina tu! Nina fankisheni tatu, jina la mfumo nalificha tuseme ni abc: abc_get_size, abc_check_dir na abc_write_locked. Ya kwanza kasema hiyo get inamchanganya na rapa yenyewe haina kazi. Ya pili kauliza inarudisha nini. Ya tatu kauliza kufuli kashika nani. Fundi, kode inafanya kazi, nimeijaribu, sasa jina linamuuma nini? Au ndo ubabe kwa mgeni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana wengi wanaishia kusema watachangia kerneli na pachi hata moja hawatumi. Ubabe sijauona, labda kidogo sana kwenye hilo la get, nitafika huko. Kwenye mengine mentena wako yuko sahihi na hata mi ningekurudishia vilevile.

We umelichukulia jina kama rangi ya ukuta. Kwenye programu ya duka la dawa jina likiwa bovu mnasumbuka wawili watatu, mnafungua kode mnaangalia ndani, yameisha. Kwenye mfumo wa faili anayeiita fankisheni yako yuko faili lingine kabisa, ameshika makufuli mawili, ana refarensi mkononi (dai kwamba kitu fulani kisifutwe bado anakitumia), na hawezi kufungua kila fankisheni aone tumboni kuna nini, anasoma jina anaamini. Akiamini vibaya mashine inaganda au data ya mtu inaharibika, na mbaya zaidi haitokei siku ya kujaribu, inatokea baada ya miezi sita kwa mtu ambaye hamjuani.

Tuanze na hiyo _locked maana ndo tamu kuliko zote. Kerneli yenyewe inalitumia neno hilo kwa maana mbili na zote zina wenyewe. Kuna iget_locked, unaipa supabloku (rekodi ya mfumo mzima wa faili) na namba ya inodi (rekodi ya faili moja), inakuletea inodi, na kama inodi hiyo haikuwepo kwenye memori ndo imeundwa sasa hivi basi inakuja ikiwa imefungwa, ina alama ya I_NEW, wengine wote wanaoitafuta wanasubiri mpaka we uijaze kutoka kwenye diski halafu uite unlock_new_inode. Hapo locked ni hali ya kitu unacholetewa. Halafu kuna rundo la fankisheni nyingine zinazoishia hivyohivyo ambazo zinataka WEWE unayeita uwe umeshashika kufuli kabla hujaja. Kwa Kiswahili tungepona, moja ingeitwa "leta ikiwa imefungwa" na nyingine "andika ukiwa umeshafunga", kitenzi chenyewe kinakwambia nani kafunga na lini, ila Kiingereza kinabaki na locked moja na msomaji anabahatisha. Sasa abc_write_locked ni ipi? Inashika yenyewe, inaacha imeshikwa, au nishike mimi? Barua yako nimeisoma mara mbili na bado sijajua. Na kubahatisha hapa kuna gharama, kwa sababu kufuli la inodi, i_rwsem, halirudiwi: ukishalishika kwa kuandika halafu fankisheni uliyoiita ikataka kulishika tena, inakusubiri wewe uachie na wewe unaisubiri imalize, mtakaa hapo mpaka mtu achomoe umeme.

Dawa yake ni rahisi, mstari wa kwanza ndani ya fankisheni weka lockdep_assert_held kwa kufuli hilo. Akija mtu bila kufuli na lockdep, mkaguzi wa makufuli wa kerneli, imewashwa, kerneli inapiga kelele palepale. Jina linaweza kudanganya baada ya miaka mitano ya watu kuihariri hiyo kode, mstari ule hauwezi. XFS, mfumo mwingine wa faili, wana ya kwao inaitwa xfs_assert_ilocked, kazi ndo hiyohiyo.

Na usije ukakimbilia kubadili iwe __abc_write ukadhani umemaliza. Andaskoa mbili mbele kwa desturi zinasema tu "mimi ni wa ndani, ukiniita ujue unachofanya", hazisemi ujue nini. Angalia hizi tatu: __iget, ihold, igrab. Zote tatu zinaongeza hesabu ya refarensi ya inodi kwa moja, ukiangalia matokeo unaweza kusema kwanini zisiwe moja. Ila __iget inataka uwe umeshika i_lock, kufuli jingine dogo la inodi. Ihold ni ya mtu ambaye tayari ana refarensi yake anataka ya pili, na ikikuta hukuwa nayo inatoa onyo. Igrab ni ya mtu asiyejua inodi iko hai au iko njiani kufutwa, inashika i_lock yenyewe, inaangalia, ikikuta inafutwa inakurudishia NULL, yaani hakuna kitu. Hesabu ni moja, masharti matatu tofauti, ndo maana majina matatu. Kukariri inauma kidogo, mi mwenyewe ihold na igrab nilizichanganya muda mrefu tu.

Abc_check_dir ni rahisi zaidi. Kwenye kerneli kuna mwongozo wa mtindo wa kode, faili la coding-style.rst ndani ya Documentation/process, na una kifungu kizima juu ya hili: jina likiwa ni amri, fankisheni irudishe 0 ikifaulu na namba hasi ya kosa ikishindwa, jina likiwa ni swali la ndiyo au hapana, irudishe kweli au si kweli. Check haijulikani ni amri au ni swali. Mtu akiandika if (abc_check_dir(inode)) anaingia ndani ya if folda likiwa zima au likiwa bovu? Ikirudisha kosa, ni bovu. Ikirudisha kweli, ni zima. Nusu ya watakaoiita watakosea na kompaila haitasema kitu. Ukiita abc_dir_is_valid hakuna mjadala, na kama unataka irudishe namba ya kosa kama -EUCLEAN au -EIO basi abc_validate_dir.

Sasa ya get, hapa ndo nasema alikubana kidogo. Kwenye kerneli get na put zinatembea pamoja kama sahani na kisahani: dget na dput, fget na fput, folio_get na folio_put, ukichukua lazima urudishe. Kwa hiyo anayesoma abc_get_size jicho linatafuta put iko wapi. Lakini we ungeweza kumjibu kwamba kerneli hiyohiyo ina inode_get_ctime, hiyo haichukui refarensi yoyote, inasoma muda tu, na hakuna aliyechanganyikiwa kwa sababu muda si kitu cha kurudisha. Saizi nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo kwenye get peke yake mngeweza kubishana mpaka kesho.

Ila kwenye rapa amekushika. Na nikisema rapa sio wa bongofleva, namaanisha fankisheni ambayo kazi yake ni kuita nyingine tu. Yako ndani ina mstari mmoja, inarudisha i_size_read ya inodi. Hebu tuangalie i_size_read yenyewe maana nayo ni rapa, inasoma tu uwanja wa i_size, kwanini yenyewe inaishi na yako inafukuzwa?

Saizi ya faili ni namba ya biti 64. Kwenye mashine ya biti 32 prosesa inaisoma vipande viwili. Sasa chukulia faili lina baiti moja pungufu ya GB 4, mwenzio kwenye kori nyingine anaongeza baiti moja, wewe umeshasoma nusu ya juu ya zamani halafu ukasoma nusu ya chini mpya, unapata sifuri. Faili la GB 4 kwako lina baiti sifuri! Ukisoma kwa mpangilio wa kinyume unapata karibu GB 8. Namba zote mbili hazijawahi kuwepo. Ndo maana i_size_read kwenye mashine za namna hiyo zenye kori zaidi ya moja inaangalia kaunta kabla na baada, ikikuta imebadilika inasoma upya. Kwenye biti 64 yote hayo yanayeyuka, inabaki kusoma kwa kawaida. Na mwenzake i_size_write ana sharti lake, lazima anayeita awe na kufuli, maana waandishi wawili wakigongana kaunta inaweza kupotea hatua moja na wasomaji wakabaki wanazunguka milele wakisubiri itulie. Kwa hiyo rapa ile imebeba mzigo, na wanaosoma kode za mifumo ya faili wameshazoea, wakiona i_size_read wanajua mambo yote niliyokuambia hapo juu bila kufikiri. We ukaifunika na abc_get_size, ukaiita sehemu moja, sasa msomaji lazima aende akaangalie kama ndani kuna kitu cha ajabu cha abc. Anakuta hakuna. Umemtuma dukani kununua kitu alichokuwa nacho.

Usije ukaelewa kwamba rapa ya mstari mmoja ni mbaya daima. Januari 2016 Al Viro, mmoja wa wakongwe wa mifumo ya faili ya kerneli, alileta inode_lock na inode_unlock, ndani hazikuwa na kitu, mutex_lock ya i_mutex (kufuli la inodi la wakati ule) basi, akabadilisha kila mfumo wa faili uitumie. Mtu asiyejua angesema hii nayo ya nini. Ila alieleza palepale kwenye maelezo ya pachi kwamba i_mutex itakuja kugeuzwa kuwa kufuli la wasomaji wengi na mwandishi mmoja, ili watu wengi waweze kutafuta majina ndani ya folda moja kwa wakati mmoja. Rapa ziliingia kerneli toleo la 4.5, na kwenye 4.7 ya mwaka huohuo kufuli likageuzwa kweli, ikawa i_rwsem, na mamia ya sehemu zilizokuwa zinaita inode_lock hazikuguswa. Ndo vilevile kwa hiyo inode_get_ctime, Jeff Layton, mchangiaji mwingine wa kerneli, alizileta 2023 kwenye 6.6, uwanja wa i_ctime ukapewa andaskoa mbili ili asiwepo wa kuugusa moja kwa moja, kwa sababu alikuwa anataka kubadilisha jinsi muda unavyotunzwa.

Upande wa pili kuna rapa zilizokufa zikakaa muda mrefu bila kuzikwa. XFS haikuzaliwa Linux, ilizaliwa kampuni ya SGI kwenye mfumo wake wa IRIX miaka ya 90, ilipohamia ikaja na majina ya nyumbani kwao, kmem_alloc na mrlock na kadhalika, chini yake zikawekwa fankisheni za Linux. Wakati ule ilisaidia. Lakini kmem_alloc ilikuwa na tabia yake ambayo jina halisemi: usipoiambia inaruhusiwa kushindwa, ilikuwa inajaribu tena na tena mpaka memori ipatikane. Mtu mpya anaona ni kama kmalloc tu, ile ya Linux ya kuomba memori, kumbe sivyo. Mwaka 2024 kwenye 6.9 wakaitoa, sehemu zilizokuwa zinategemea kutoshindwa zikaandikwa kmalloc na __GFP_NOFAIL wazi mbele ya macho, na mrlock nayo ikaondoka kwenye toleo hilohilo. Kode ikawa ndefu kidogo kwa anayeandika, ila anayesoma anaona kila kitu.

Kwa hiyo unapotuma ya nne: gawanya. Marekebisho ya kosa yawe pachi ya kwanza peke yake, na mstari wa Fixes unaotaja komiti, yaani badiliko la zamani, iliyoleta kosa, ili watu wa matoleo ya zamani waweze kuichukua bila kubeba na usafi wako. Kubadili majina iwe pachi nyingine isiyobadili tabia hata chembe, maana mtu akija kutafuta kosa kwa git bisect akaangukia pachi yenye majina mia moja na badiliko moja la kweli limejificha katikati, atakulaani kwa lugha usiyoijua. Abc_get_size itupe. Na usimjibu mentena neno kwa neno kwa hasira usiku wa manane, lala kwanza, asubuhi andika kilichobadilika toka v3, yaani pachi yako ya tatu, chini ya zile dashi tatu za mwisho wa maelezo ya pachi halafu tuma.

SWALI: Mambo fundi, nipo Arusha. Fankisheni yangu ina bool tatu (za true au false), inaitwa hivi: abc_sync(inode, true, false, true). Mkaguzi kasema haisomeki. Niandike rapa ngapi sasa, nane?

JIBU: Poa. Nane hapana kaka, andika zile zinazoitwa kweli, mara nyingi utakuta ni mbili. Angalia filemap_fdatawrite na filemap_flush, zote chini ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba ya kwanza inatumia WB_SYNC_ALL na ya pili WB_SYNC_NONE, yaani moja ni kwa ajili ya kuhakikisha data imetumwa kwenda diski, nyingine ni kusukuma kistaarabu bila kulazimisha. Hapa rapa ina haki ya kuwepo kwa sababu imeupa uamuzi jina. Halafu kuna filemap_write_and_wait, jina refu lakini linakwambia INASUBIRI, na wale wa filemap_fdatawrite hawasubiri uandishi uishe, ukifikiri wanasubiri utamwambia mtumiaji faili liko salama na bado liko njiani. Zile bool zilizobaki zigeuze flagi (swichi) zenye majina. True peke yake katikati ya mabano ni sawa na mtu anayekujibu "ndiyo" na we hukumbuki ulimuuliza nini.

SWALI: Fundi salaam kutoka Mombasa. Kwani ni lazima majina yawe Kizungu? Mimi hapa kazini naandika fungua_faili na hakuna anayelalamika.

JIBU: Kazini kwenu endeleeni, na ikiwa wote mnaelewana nawaonea wivu. Kerneli lakini ni Kiingereza, maana anayeisoma anaweza kuwa Brazil au Korea na lazima muwe na lugha moja. Ila usijione mnyonge, hicho Kiingereza chenyewe hata Mwingereza hazaliwi nacho. Dentri ni nini? Iput je? Huyo naye alikaa chini akajifunza kama wewe. Mwongozo ule wa mtindo unasema jina la fankisheni inayoonekana kila mahali lazima lijieleze, wanatoa mfano wa count_active_users na wanakataza cntusr, lakini kaunta ya ndani ya lupu iite i tu, ukiiita loop_counter umepoteza wino.

SWALI: Kwa nini kila kitu kwenye inodi kinaanza na i_, kwenye dentri (rekodi ya jina ndani ya folda) d_, supabloku s_? Si tayari tunajua ni inode->i_size, i ya nini tena? Na mbona creat, ile ya kuunda faili, haina e?

JIBU: I_ ni urithi. Kwenye C ya zamani kabisa majina ya ndani ya strakti (mafurushi ya data) zote yalikaa kwenye kapu moja, ukiwa na size kwenye strakti mbili yanagongana, kwa hiyo kila strakti ikapewa herufi yake, ndo maana hata stat ina st_size na st_mode. Kompaila ilishaacha hiyo shida zamani ila desturi imebaki, na mi naipenda, maana ukigrepu (ukitafuta neno kwenye kode) i_size unapata i_size, ukigrepu size unapata nusu ya kerneli.

Creat, Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza Unix, alishaulizwa angeitengeneza Unix upya angebadili nini, akajibu angeiandika creat na e. Hiyo haitabadilika. Majina ya ndani ya kerneli yanageuzwa wakati wowote, umeona i_mutex na kmem_alloc hapo juu, lakini creat inaitwa na programu za watu huko nje, huwezi kuwavunjia. Na hata flagi ya open inayofanya kazi ileile, O_CREAT, nayo e haina.